Kofia ya Fundi Pasi

Ukiona kofia imening'inia kwenye msumari juu ya kitasa cha mlango wa Fundi Pasi, usipige hodi. Kaa kwenye ngazi usubiri, au rudi kwako. Kofia yenyewe ni ya sufu, ya kijivu, nondo wameila pembeni, na mtaa mzima unajua maana yake: Fundi anahesabu.

Mimi ndiye niliyesababisha sheria hiyo, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuieleza. Mimi ni seremala. Ukuta wangu na wake ni mmoja, na tumezoeana kiasi kwamba nikipiga hodi mguu mmoja huwa tayari uko ndani. Siku hiyo nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kiini cha chuma cha transfoma kiko katikati ya magoti, anakizungushia waya wa shaba. Mkewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mpira mwembamba wa hewa umepita chini ya pua, na mapajani ana sahani yenye njiti za kiberiti. Kila mizunguko kumi Fundi anaguna, mkewe anahamisha njiti moja kutoka upande huu wa sahani kwenda upande ule. Nikaingia na mdomo wangu.

"Hodi wenyewe, mmeamkaje, mmesikia ya kinyozi na mbuzi wake?"

Fundi akabaki mkono uko hewani. "Tulikuwa ngapi?" akamuuliza mkewe.

"Mia mbili na themanini. Au tisini. Shemeji amenitoa."

"Seremala," Fundi akaniambia, pole pole kabisa, "umenilia mizunguko mia mbili na themanini. Kaa hapo. Tunaifungua yote, na wewe ndiye utakayeshika waya."

Nilishika waya mpaka adhuhuri. Hadithi ya mbuzi hawakuitaka tena. Kesho yake kofia ikawa msumarini.

Wanamwita Fundi Pasi kwa sababu alianza na pasi za umeme, enzi pasi zilikuwa nzito na watu walikuwa wananyoosha nguo kweli. Siku hizi mkononi mwake hupita redio, feni, birika, lakini jina halikubanduka. Mkewe ni Mwalimu. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na kwaya ya shule juu yake. Yeye humwita mumewe "Fundi", mumewe humwita "Mwalimu", na majina waliyopewa na wazazi wao sijawahi kusikia wakiitana. Shule aliyofundisha iko ng'ambo ya barabara. Akiwa dirishani anasikia kengele ya mapumziko, anasikia darasa la kwanza wakiimba, na huwa anasema kwa sauti ndogo, "Yule wa nyuma yuko chini ya wenzake." Yule wa nyuma hamwoni. Anamsikia tu.

Mapafu yake yalianza kuchoka miaka mitatu iliyopita. Watu walisema ni chaki. Daktari akasema siyo chaki, ni mapafu tu, na watu wakaendelea kusema ni chaki. Zahanati ikampa mashine ya oksijeni, kubwa kama kabati la pembeni mwa kitanda, ina magurudumu. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampa ile anayoihitaji. Inatumia umeme, na umeme wa kwetu una mgao: mara tatu kwa wiki unaondoka saa nne asubuhi, unarudi saa nane mchana.

Sista wa zahanati, mama mmoja mpole lakini hazunguki na maneno, huja kila mwezi. Alikaa kwenye kiti changu (nasema changu kwa kuwa nilikitengeneza mimi, mguu mmoja mfupi kidogo, nimeshaomba radhi) akasema:

"Mama anatakiwa kuwa kwenye mashine saa kumi na tano kwa siku, na ikimzimikia ghafla hali inakuwa mbaya. Baba, nawapa miezi miwili. Nyumba hii ikiweza kuilisha mashine saa nne nzima bila umeme, mashine inabaki hapa. Isipoweza, mama ahamie kwa binti yenu, karibu na hospitali kubwa. Siyo adhabu, mama yangu."

"Kwa binti yetu ni ghorofa ya tano," Mwalimu akasema. "Kule nitamsikiliza nani? Lifti?"

Sista alicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa anaiangalia soketi.

Kwanza aliazima inveta ya kinyozi, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Kwenye mashine ya kunyolea inafaa sana. Walipoiunganisha na mashine ya Mwalimu, mashine ikanguruma kama imekanyagwa mkia, ikapata moto, taa nyekundu ikawaka. Fundi akaichomoa haraka. Baadaye akaja karakana kwangu, akachukua penseli yangu sikioni bila kuomba, akachora kwenye ubao wa kabati la mteja.

"Umeme wa ukutani uko hivi. Unapanda kama kilima, unashuka bondeni, unapanda tena, pole pole, mara hamsini kwa sekunde."

"Pole pole, mara hamsini kwa sekunde?"

"Kwake yeye hiyo ni pole pole. Sasa hiki cha kinyozi kinapanda kama ukuta na kuanguka kama ukuta. Taa haijali. Mota inajali. Mashine ya Mwalimu inataka kilima."

"Vinauzwa, vya kilima?"

"Vinauzwa. Siyo kwa watu wanaotengeneza pasi." Akanirudishia penseli. "Nitakiunda."

Kuna watu mtaani walimcheka. Mikono yake imeanza kutetemeka siku hizi, si sana, ila kikombe cha chai kinajua. Kinyozi alimwambia mbele za watu, "Mzee, hiyo siyo pasi," na Fundi akamjibu kwamba na kichwa cha mteja wake wa asubuhi nacho hakikuwa kichwa, kilikuwa shamba lililopitiwa na mbuzi. Kumbe ya mbuzi alikuwa ameyasikia.

Akaanza kukusanya. Kiini cha transfoma kilitoka kwenye kifaa kibovu cha ofisi moja. Betri mbili kubwa zilitoka kwenye mnara wa simu. Zilikuwa zimestaafishwa, kama mimi na yeye, bado zina nguvu ila hakuna anayeziuliza. Transista zilizokuwa zinapata moto alizibana kwenye kipande cha alumini cha dirisha la zamani, akaweka na kifeni cha kompyuta cha kuzipuliza. Kibao kidogo kisichozidi kiganja ndicho kilichokuwa kinachora kilima. Na umeme wa ukutani ukiwepo, transfoma ile ile inafanya kazi kinyumenyume, inazijaza betri. "Mlango ni mmoja," alisema, "watu wanaingia na watu wanatoka." Umeme ukikatika, swichi inajigeuza yenyewe, mlio mmoja tu: tak.

Sanduku nilitengeneza mimi, la mbao, na kuta za matundu ya kupitisha hewa. Likawekwa chini ya dirisha, na betri pembeni yake.

Sasa, wenye maabara wana kioo cha kuangalia kama kilima ni kilima kweli. Fundi hana kioo. Ana mkewe. Alimwambia asikilize mashine ikiwa inatumia umeme wa ukutani, naye akaiimbia, mmmm, sauti moja ndefu ya chini, mpaka ukashindwa kujua ipi ni yake na ipi ya mashine. Kisha Fundi akahamishia kwenye inveta.

"Imepanda," Mwalimu akasema. "Nusu sauti. Anakimbia huyo."

Fundi akakaza kiskrubu kidogo.

"Sasa imekaa. Lakini ina mchanga."

"Mchanga wa namna gani?"

"Mchanga wa kwenye mchele. Siyo mwingi. Unasikika ukitafuna."

Fundi akabadilisha kapasita moja, ile ya kulainisha umeme, akaweka nyingine, akarudisha ya kwanza na kuongeza ya tatu. Siku nne walifanya kazi hiyo, yeye ameinama, mkewe amefumba macho, kama wanafundisha mtoto mkaidi wimbo wa taifa. Siku ya nne Mwalimu akanyoosha kidole kama alivyokuwa akiinyamazisha kwaya.

"Hapo. Usiguse tena. Hapo anaimba."

Fundi akakaa sakafuni. Akafuta kipara chake kwa ile kofia ya kijivu, na mimi nikajifanya natafuta msumari.

Wiki ya kwanza ya mgao baada ya hapo Fundi hakubanduka nyumbani siku mbili, na siku zote mbili umeme uliwahi kurudi kabla ya kutimia saa mbili tangu ukatike. Siku ya tatu alikuwa na kazi kwenye kibanda chake pale kona. Aliporudi saa nane kupita akamkuta Mwalimu kwenye kiti, mashine inaimba.

"Ilifika?"

"Ilifika."

"Saa nne?"

"Saa nne, Fundi."

Nilimsikia akicheka kupitia ukutani. Akaja kwangu na chai yake mwenyewe mkononi, imemwagika nusu, kunieleza tena jambo nililokwisha kulisikia. Toka hapo kila mgao aliandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu: saa nne. Saa nne. Saa nne. Akanunua rangi, tukapaka sanduku kijani.

Lakini Mwalimu alikuwa anapungua. Zamani alimaliza sentensi. Sasa alikuwa akisimama katikati yake kama mtu anayepumzika kwenye ngazi. Kucha zilikuwa na rangi isiyopendeza. Darasa la kwanza wakiimba hakusema chochote kuhusu yule wa nyuma. Fundi akaniuliza siku moja, tumekaa kwangu juu ya mbao:

"Mashine inafanya kazi, na yeye anakwenda. Maana yake nini, jirani?"

Nikamwambia labda ni baridi ya asubuhi. Kumbe maana nilikuwa nayo na sijui.

Mashine zile nyuma zina kidirisha chenye tarakimu, kama cha kwenye gari, ila kinahesabu saa badala ya kilomita. Fundi hukisoma akitaka kujua chujio lioshwe lini, kisha anaandika pembeni ya kalenda. Asubuhi moja, wiki moja kabla ya sista kuja, niliona kofia msumarini, nikakaa kwenye ngazi. Nilikaa sana. Akatoka na karatasi.

"Saa arobaini hazipo."

"Hazipo wapi?"

"Kwenye mashine. Toka nilipoosha chujio hadi leo, saa kumi na tano kila siku, nimepiga hesabu mara tatu. Arobaini hazipo. Labda kihesabio kimekufa."

Unajua ukuta wa pamoja: unasikia vitu mpaka huvisikii. Mlio wa mashine ile nilikuwa nimeuzoea kama unavyozoea jokofu. Na sasa, nimekaa pale kwenye ngazi, ndipo nilipokumbuka kwamba siku za mgao, Fundi akishapita kona, ukuta wangu ulikuwa unanyamaza. Nilikuwa nadhani Mwalimu ameamua kulala kidogo. Nilikuwa hata nafurahia, nikipiga randa bila mlio.

Nikamwambia. Aliitoa kofia msumarini, akaivaa, akaingia, na mimi nikabaki kizingitini kwa kuwa hakunifukuza wala hakunikaribisha.

"Mwalimu."

"Naam."

"Siku za mgao nikiwa kibandani, mashine huwa inafanya kazi?"

Mwalimu akaangalia dirishani. "Seremala amesema."

"Kihesabio kimesema. Seremala amemalizia tu."

Akapumua mara mbili tatu kwanza. "Ile siku ya kwanza ilizima baada ya saa mbili na robo. Ikalia, ikazima. Umeme uliporudi ikawaka yenyewe, ukaingia wewe, unauliza ilifika. Ulivyokuwa umesimama pale mlangoni, Fundi... Nikasema nitamwambia kesho."

"Na kesho?"

"Kesho ukaja na rangi ya kijani."

Fundi akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti yake.

"Kwa hiyo siku nyingine nikawa naizima mapema," Mwalimu akaendelea, "ili betri isiishe ukaja kuikuta imekufa. Nikisikia kikohozi chako getini, nawasha."

"Na katikati?"

"Katikati nakaa kimya. Mtu akikaa kimya hatumii hewa nyingi."

Mashine iliimba, bila mchanga hata punje.

"Kifaa kikinidanganya nakifungua," Fundi akasema mwishoni. "Wewe nikufungue wapi?"

Mwalimu akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Fundi akamshika mgongo mpaka kikapita.

"Miaka thelathini na moja," Mwalimu akasema, "sijampa mtoto alama ambazo hakuzipata. Hata wa mkuu wa shule. Wewe nimekupa mwezi mzima. Sikutaka kwenda ghorofa ya tano. Na sikutaka kinyozi awe amesema kweli."

Fundi akainamisha kichwa. Nikadhani analia, kumbe anafikiri. Kwake sura ni moja.

"Saa mbili na robo," akasema. "Betri zile zinatakiwa kufika nne na zaidi. Ungeniambia siku ile ile ningejua ni nini. Ni chaja. Nimeiwekea izime kila betri ikifika volti kumi na tatu nukta mbili. Zinatakiwa zipande hadi kumi na nne nukta nne ndipo zishibe. Zinaondoka mezani na njaa kila siku."

"Kwa nini umeziwekea hivyo?"

"Unakumbuka ile betri ya lori, mwaka ule binti yetu anaingia sekondari? Iliyochemka humu sebuleni?"

"Nilikohoa wiki nzima."

"Betri ikishiba inatoa harufu. Nikasema zisishibe, zisikukoholeshe." Akajikuna kipara. "Kwa hiyo mimi nimezinyima betri, wewe umejinyima mwenyewe, na kalenda imejaa wino mwekundu."

"Zitoeni nje basi," nikasema pale kizingitini.

Wakageuka wote wawili, kama vile ndiyo kwanza wananiona.

"Betri," nikasema. "Nitajenga kibanda chake nyuma ya ukuta huu, na paa, na matundu. Zishibe huko huko na zijambe zinavyotaka. Nipe unene wa waya nitoboe ukuta."

"Shemeji," Mwalimu akasema, "karibu ndani. Leo umepiga hodi vizuri."

Nilijenga siku mbili. Fundi alitaka kibanda kigusane na ukuta kabisa, kwa sababu waya mrefu unakunywa umeme njiani, na alitaka waya mnene kama kidole gumba. Akaipandisha chaja. Betri zikashiba kwa mara ya kwanza, zikatoa harufu yake huko nje, kuku wa jirani wakahama upande wa pili. Fundi akazima swichi kubwa kwa makusudi, tukakaa watatu kwenye viti na saa ya ukutani. Ikafika saa mbili na robo. Mwalimu akaanza kuishika mikono ya kiti. Ikapita. Saa tatu, ikapita. Kwenye saa tatu na nusu mwanga mwekundu wa betri ukawaka kidogo, Fundi akaenda akalegeza na kukaza kiungo kimoja kilichokuwa na moto, ukazima. Saa nne na dakika kumi na nane ndipo mashine ilipolia. Akawasha umeme. Kwenye kalenda akafuta zile saa nne zote kwa mstari mmoja mmoja, akaandika moja mpya, na Mwalimu akaweka alama ya vema pembeni kwa mkono wake.

Siku ya sista, umeme ulikuwepo mtaa mzima. Mimi nilikuwa kwenye ngazi tangu asubuhi, kofia iko msumarini juu ya kichwa changu. Sista akaja saa nane na kidogo, akanyoosha mkono kugonga.

"Usipige hodi," nikamwambia. "Ingia tu, taratibu."

Mwalimu alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi kidogo, mashine inaimba. Sista akamwekea kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, akasubiri, akasoma: tisini na tatu kwa mia. Mwezi uliopita, wakati Fundi anajisifu, ilikuwa themanini na sita. Akaandika, akanong'ona:

"Vizuri, baba. Haya, zima umeme tuone kama hiyo inveta yako inashika."

"Nimeuzima toka saa nne asubuhi," Fundi akanong'ona naye.

Sista akaangalia saa ya ukutani. Akaenda hadi kwenye swichi kubwa mwenyewe, akaitazama imeangalia chini, imezimwa. Akarudi, akasimama mbele ya sanduku la kijani, akainamisha kichwa kulisikiliza kama anavyosikiliza kifua cha mtu. Ng'ambo ya barabara darasa la kwanza walikuwa wanaimba, na hapo sista akachukua kadi ya mashine, akaandika mstari mmoja, akapiga sahihi. Nilichungulia. Ulisema: Inabaki nyumbani.

Fundi alitusindikiza hadi nje, akavuta mlango pole pole nyuma yake. Sista alipokwisha kuvuka barabara, nikanyoosha mkono kuitoa kofia nimpe, maana jua lilikuwa kali na kipara hakina kinga.

"Iache," akasema.

"Kwani unahesabu nini tena?"

"Sihesabu kitu. Amelala."